Sauti Niliyoazimwa Wodini

Sauti yangu haikuondoka kwa siku moja. Ilianza kukwaruza majira yale ya upepo, vumbi la Dodoma linapoingia mpaka kwenye sufuria ya maharage, nami nikasema ni vumbi. Baadaye nikasema ni chaki. Mwalimu wa historia anayefundisha kidato cha sita asubuhi, kisha jioni akafundisha tuisheni kwenye sebule za watu, hakosi sababu ya kukwaruza koo. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, sabuni za kila rangi, redio, vitenge, na kila mtumishi wa serikali niliyemfahamu alikuwa na kamradi kake pembeni. Mke wangu Anastazia, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, alifuga kuku. Mimi mtaji wangu ulikuwa sauti.

Nilikunywa tangawizi. Nilitafuna vitunguu saumu. Mvua za kwanza ziliponyesha sauti ilikuwa imebaki mvumo tu, kama mtu anayepuliza moto, na kumeza mate kulikuwa kama kumeza mwiba. Usiku nilitoa jasho shuka likalowa. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Anastazia alikuwa akiniangalia nikivaa, kisha anaenda kuwapa kuku pumba.

Siku niliyonyamaza kabisa nilikuwa nimeandika ubaoni kichwa cha mada mpya: doria za manowari za kuzuia biashara ya watumwa kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Niligeuka niwaeleze wanafunzi, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Kiranja wao, binti mmoja aitwaye Salome, alisimama akaniletea kiti.

"Mwalimu, kaa kwanza," alisema. "Tutasoma wenyewe."

Nawaandikia ninyi ambao leo mmekaa kwenye lile benchi la saruji nje ya chumba cha daktari, mkikohoa ndani ya kanga na leso na kuogopa kutazamana. Nililikalia. Najua jinsi mtu wa kando anavyosogea kidogo ukikohoa, halafu naye akikohoa unasogea wewe. Najua kikopo cha makohozi kinavyokuwa kizito mkononi ingawa ndani hamna kitu cha maana. Nilikuwa naona aibu ya kukipeleka kwenye dirisha la maabara, hadi mama mmoja mnene mwenye kitenge cha maua akaniambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Baba, kila aliye hapa ana chake. Toa upite."

Daktari alinimulika kooni kwa kioo kidogo kilichopashwa moto. Akaniambia kifua kikuu kimepanda hadi kwenye koo la sauti. Niliandika kwenye karatasi: Nitapona?

"Utapona," alisema, "ukinitii kwa mambo mawili. Dawa hadi ya mwisho, hata ukijisikia mzima. Na mdomo ufunge. Usiongee kabisa. Wala usinong'one, maana kunong'ona kunalichosha koo kuliko hata kuongea."

Niliandika tena: Mimi ni mwalimu.

"Ndiyo maana nakwambia ufunge mdomo," akasema.

Nyumbani, mtaa wa Kikuyu, mambo yalikuwa mazito kuliko hospitali. Mtoto wetu Neema hakuwa ameanza shule. Aliniita, sikumjibu. Alinionyesha kifaranga, nikatikisa kichwa tu. Siku ya tatu alikuja akasimama mlangoni, kwa mbali kama tulivyomfundisha, akauliza, "Baba, nimekosa nini?" Nilichukua kalamu nimwandikie, nikakumbuka hajui kusoma. Niliiweka kalamu chini. Ugonjwa ulikuwa umenitia maumivu mengi, lakini hayo ndiyo yaliyonitoa machozi.

Mama mkwe naye alifika kutoka Iringa. Hakuzunguka. Alinisalimu vizuri, akakaa, akamwambia binti yake mbele yangu, "Mwanangu, fungasha. Sote tunajua siku hizi kukonda kwa namna hii ni ugonjwa gani."

Nilikuwa na maneno kifuani ya kujaza nyumba. Nilikaa nimefumba mdomo kama nilivyoagizwa. Nadhani yeye alichukua ukimya wangu kuwa ni kukubali.

Anastazia alikuwa ameshika ungo wa mchele. Aliuweka chini. "Mama, heshima yangu kwako haijapungua," alisema. "Lakini huyu ni mume wangu. Awe na kifua, awe na huo mwingine, atakula kwenye sahani zangu."

Walinipima damu, na huo mwingine sikuwa nao. Naandika hivyo kwa sababu ilitokea, si kwa kujisifu. Wodini niliwakuta waliokuwa nao, walikohoa kama mimi, walichomwa sindano ileile, na wawili kati yao walitoka kifua kimepona wakarudi makwao kwa miguu yao. Mama mkwe hakuondoka. Alibaki kumlea Neema, na kila asubuhi akaniletea uji wa uwele kwenye chupa, amekaa kando ya kitanda bila kufunika pua. Hakuomba radhi, nami sikuidai. Uji ulikuwa mtamu.

Nililazwa kwa ajili ya zile sindano za miezi miwili ya mwanzo. Kila asubuhi Sista Yusta alisukuma kitoroli chake chenye magurudumu yanayolia, nasi tukageukia ukutani mmoja baada ya mwingine. Sindano ile inauma, sitawadanganya. Unajifunza kulala kwa ubavu. Kichwa kinazunguka ukisimama haraka, na masikio yangu yalianza kuvuma kama nyuki wako ndani ya mzinga. Nilimwandikia Sista, naye akampelekea daktari habari, wakanipunguzia kipimo. Kwa hiyo ukisikia masikio yanavuma, sema. Usivumilie kiume.

Kitanda cha kulia kwangu alilala Mzee Chidawali, dalali wa mnada wa ng'ombe kutoka upande wa Kongwa. Mara ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akimsalimu kwa Kigogo mtu aliyepita nje, ng'ambo ya uwanja, "Mbukwa!" na madirisha yakatikisika. Kifua kikuu kilikuwa kimemla mashavu na mikono, lakini sauti kilikuwa hakijaigusa. Asubuhi dawa zilipoanza kututia mkojo mwekundu alitoka chooni akatangaza kwa wodi nzima, "Jamani, nimeuza ng'ombe wa kila rangi. Rangi hii sijawahi kuinadi!" Watu waliokuwa hawajacheka tangu Krismasi walicheka hadi wakashika mbavu.

Kushoto kwangu alikuwa Bwana Salehe, fundi cherehani wa hapo mjini. Mpole, msafi, mtu wa swala zake. Babu zake walikuja Ugogo na misafara ya biashara zamani, wakajenga, wakaoa, wakabaki.

Mvua zilipokolea, Salome alikuja na wenzake wawili. Walisimama nje ya dirisha. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa tano, na mkuu wa shule alikuwa hajapata mwalimu wa kunishikia.

"Mwalimu, mada nyingine tumezisoma," alisema Salome. "Ile ya doria ndiyo imetushinda. Kitabu ni kimoja, na kurasa zake mtu amezichana. Na wanasema swali lake haliruki mwaka."

Niliwatazama. Darasa lile nilikuwa nalo tangu kidato cha tano. Niliandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani: Rudini baada ya wiki mbili, wote. Sikujua nitafanya nini. Niliandika tu.

Walipoondoka, Mzee Chidawali alijiinua kwa kiwiko. "Mwalimu, ng'ombe wako unaye. Huna dalali." Akajipiga kifua, akakohoa, akacheka. "Andika. Mimi nitanadi."

Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, akajua kusoma kwa kufuata kidole. Basi nikaanza kuandika, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Anastazia aliniletea makaratasi yaliyoharibika ofisini kwake, upande mmoja mtupu. Kila alasiri Mzee Chidawali alisoma kwa sauti nilichoandika asubuhi, akijikwaa, akirudia, na wodi ikasikiliza. Hivyo wagonjwa wa kifua wa Dodoma, ambao wengi hawakuwahi kuiona bahari, walizijua zile manowari kabla ya wanafunzi wangu.

Niliwaandikia jinsi Uingereza, baada ya kununua na kuuza watu kwa vizazi vingi, ilipopiga marufuku biashara ile, kisha ikapeleka meli za kivita kwenda kuizuia. Meli zenyewe mwanzoni zilikuwa chache na nzito, na za wauza watu zilikuwa nyepesi zenye mbio. Nahodha mwovu alibeba bendera za mataifa kadhaa, akipandisha ile ambayo doria haikuwa na ruhusa ya kuisimamisha. Niliwaandikia kuhusu mabaharia Wakru wa pwani ile, Waafrika waliojua mawimbi na mito yake, walioajiriwa kwenye manowari zile na bila wao doria isingeenda popote. Na homa ya mito ile iliyowalaza mabaharia wa kizungu wengi kuliko bunduki.

"Homa!" alisema Mzee Chidawali. "Hata wao walilala wodini?"

Nilimwandikia: Hawakuwa na sindano.

"Basi sisi tuna bahati."

Kilichomfurahisha zaidi ni habari ya vifaa. Zamani doria iliweza kukamata meli ikikutwa na watu ndani tu. Nahodha akiona anakaribiwa, aliweza kuwatosa watu baharini ili asikutwe nao. Alipofika hapo Mzee Chidawali aliweka karatasi chini akaenda kusimama dirishani, na hakuna aliyemhimiza arudi. Kisha nikaeleza jinsi mikataba ilivyobadilishwa: meli ikikutwa na pingu nyingi, au sufuria kubwa kupita mahitaji ya mabaharia, au mapipa ya maji ya ziada, inatosha. Inakamatwa ikiwa tupu.

"Sawasawa!" alipiga kelele. "Mwizi wa ng'ombe humkamati kwa ng'ombe, ameshawauza. Unamkamata kwa kamba!"

Siku iliyofuata tuligombana. Nilikuwa nimeandika kwamba mabaharia wa doria walilipwa zawadi kwa kila kichwa cha mtu waliyemkomboa. Mzee Chidawali alisoma, kidole kikasimama. "Kwa kila kichwa," alirudia polepole. "Hivyo ndivyo ninavyohesabu mimi mnadani." Akamgeukia Bwana Salehe. "Na huku kwetu ndivyo walivyohesabu babu zako walipopita."

Bwana Salehe alikuwa akikunja kanzu yake. Aliikunja hadi mwisho.

"Ni kweli, walipita na walihesabu," alisema. "Lakini mzee, mama wa babu yangu hakuja na msafara kwa kupenda. Alinunuliwa. Njiani aliugua, wakataka kumwacha porini. Baba wa babu yangu akamchukua, akamwoa. Wengine kwetu wanasema alimwonea huruma, wengine wanasema alipata mke wa bure. Mimi nimetoka kwa hao wawili. Unataka nimchukie nani?"

Wakati wa chakula cha jioni mke wa Mzee Chidawali alimletea mumewe ugali wa mtama na mlenda. Mzee aliukata ugali sehemu mbili, akapeleka moja kitanda cha Bwana Salehe, akakaa palepale kula. Tangu siku hiyo walisomeana: mmoja akichoka, mwingine anapokea.

Siku ya somo mvua ilikuwa imepumzika. Sista Yusta alikubali kwa masharti. Makohozi yetu sote watatu yalikuwa yamepimwa tena na kukutwa safi, lakini hata hivyo sisi tungekaa barazani na wanafunzi wangebaki uwanjani, chini ya mwarobaini, upepo ukitoka kwao kuja kwetu. Kati yetu palikuwa na nafasi ya kupita lori. Ndiyo kusema, hata mwalimu mwenye koo zima angehitaji dalali.

Walikuja wote, na sare zao, na madaftari. Nikakaa kwenye kiti, karatasi mapajani, namkabidhi Mzee Chidawali moja moja. Alivaa koti la mnadani juu ya pajama za hospitali. Alisimama, akatazama kundi lake.

"Mbukwenyi!"

Kunguru waliruka juu ya mwarobaini. Wanafunzi wakaitikia.

Sijawahi kufundisha somo kama lile, na wala sikulifundisha mimi. Aliisoma kila sentensi mara mbili, mara ya kwanza kwa kidole, ya pili kwa kichwa, na ile ya pili ilikuwa inaruka. Alipotaja meli nyepesi ikikimbia na bendera ya uongo, wanafunzi waliinama mbele. Alipowafokea manahodha, watu waliokuwa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje waliacha benchi lao wakaja kusimama nyuma ya wanafunzi. Nilimwona mama mnene wa kile kitenge cha maua, naye amesimama, mikono kiunoni.

Katikati kifua kilimkamata. Alikohoa hadi akakaa chini, na Sista akaja mbio na maji. Nilijua hiyo ndiyo sehemu ya watu waliokombolewa. Nilinyanyuka nikiwa nimesahau yote niliyoagizwa, nikajaza pumzi ili niseme. Mkono ukanishika bega ukanirudisha kitini. Alikuwa Bwana Salehe. Aliitoa karatasi mkononi mwangu.

Yeye hakupiga kelele. Ilibidi watu watulie ili wamsikie, wakatulia. Aliwasomea kwamba meli kukamatwa haukuwa mwisho wa safari. Waliokombolewa walibaki ndani ya meli ileile, wakasafirishwa kwa majuma hadi mji wa Freetown kwenye pwani ileile, kwenye mahakama, na wengi walifariki njiani wakiwa tayari mikononi mwa waokoaji. Waliofika, wengine walipewa mashamba, wengine wakatiwa jeshini au kwenye kazi ya mikataba bila kuulizwa. Lakini walijenga vijiji, makanisa, misikiti, shule, na wapo waliorudi kwao kuwatafuta mama zao.

Salome aliinua mkono. "Mwalimu, mtihani huuliza: walifanya hivyo kwa huruma au kwa faida?"

Niliandika haraka: Andikeni ushahidi wa pande zote mbili, kisha amueni wenyewe. Bwana Salehe aliisoma, akanitazama kama anayeomba ruhusa, akaongeza lake. "Na msisahau kumuuliza aliyekuwa ndani ya meli. Huyo hamjamwandika."

Masomo yetu yalikuwa kwa Kiingereza. Baadaye Salome aliniambia waligeuza wenyewe usiku ule bwenini, na kwamba kwa mara ya kwanza hakuna aliyekariri.

Nilitoka wodini zabibu za mwanzo wa mwaka zikimalizika sokoni, nikaanza miezi ya vidonge. Huu ndio wakati wa hatari, msikilizeni aliyeupita. Nguvu zinarudi, suruali inajaa, na kila kitu mwilini kinakwambia umepona. Kijana mmoja mvuvi wa Mtera, tuliyelazwa naye, aliona hivyo akarudi kwenye nyavu zake, akaacha dawa. Alirudishwa majira ya baridi, na safari hiyo hakutoka. Sitamsema vibaya. Alikuwa na watoto na samaki walikuwa wengi. Nawaomba tu mmeze mpaka cha mwisho.

Mwezi wa tano ulikuwa umeingia nilipoitwa kupimwa koo. Anastazia alibaki nje kwenye benchi na Neema. Daktari alinimulika kwa kioo chake, akatazama muda mrefu, akakitoa.

"Haya," alisema. "Sema."

Niliogopa. Tangu mvua za kwanza nilikuwa sijasema hata neno. "Niseme nini?" Nilikuwa nimeshayasema hayo, kabla sijatambua kwamba nimesema. Ilikuwa sauti nzito, ya chini kuliko ile yangu ya zamani, yenye kokoto ndani. Lakini ilikuwa sauti. Nikaita, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo:

"Neema!"

Nje ya mlango nikasikia miguu midogo ikikimbia kwenye saruji, na Anastazia akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," na watu wa benchi wakiuliza kuna nini. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mtoto hakusimama mbali. Nilimwambia jambo nililomdai miezi yote hiyo, kwamba hakukosa kitu. Daktari aligeukia dirishani akajifanya anafuta kioo.

Swali la doria lilikuja kwenye mtihani. Matokeo yalipotoka, darasa lile lilifaulu historia kuliko madarasa yote niliyowahi kufundisha, na Salome akaenda chuo kikuu. Mkuu wa shule alinipongeza mbele ya walimu. Nilimjibu kwa sauti yangu mpya kwamba nilikuwa na walimu wasaidizi wawili. Mzee Chidawali alimaliza vidonge vyake akarudi mnadani. Siku za mnada ukipita barabara ya Kongwa unamsikia kabla hujaona vumbi la ng'ombe. Bwana Salehe alinishonea suruali mbili za kiuno changu kipya, na hakukubali nimlipe.

Nami nilipomeza kidonge cha mwisho, upepo wa vumbi ukiwa umerudi, Sista Yusta aliniomba nije siku za kliniki nizungumze na wagonjwa wapya. Nilikwenda. Walikuwa wamejaa kwenye benchi lile, leso midomoni, macho chini. Nilisimama mbele yao nikawaambia jina langu, nikawaambia nilikaa hapo walipokaa, nikawaambia ugonjwa huu unapona. Nililisema hilo la mwisho kwa nguvu zangu zote.

Mzee mmoja wa nyuma kabisa aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "punguza sauti kidogo. Sisi tunaumwa kifua, hatuumwi masikio."